Barua Tatu na Mwezi wa Mwisho

Mazungumzo yaliyotolewa Wamagana mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Tetu. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa.

  Tunajua kuna wengine hapa ambao wameacha kikapu cha majani chai nje na karani wa kituo hangoji mtu. Hatutawakawiza.

Tumezoea kukutana hapa kuongea juu ya ng'ombe wa maziwa, matangi ya maji na mbegu za viazi. Leo tumeombwa tuongee juu ya jambo ambalo zamani halikuwa la vikundi vya kijiji. Ni hili. Mtoto wetu amemaliza digrii ya kwanza. Ameomba kusoma digrii ya pili, ile ambayo vitabu huiita shahada ya uzamili. Vyuo viwili au vitatu vimemjibu vikisema njoo. Sasa achague kipi? Na sisi tunaoombwa mchango tuseme nini?

Mtu anaweza kusema, "Hayo ni mambo ya wasomi, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa sababu kadi ya harambee inaletwa kwetu. Yanatuhusu pia kwa sababu tukishauri vibaya, anayeumia ni mtoto wetu, na sisi tunaenda kulala. Hilo tunalijua kwa kuliona. Tuanze na kosa letu wenyewe.

Kosa la mwaka 2009

Mwaka 2009 kijana mmoja wa hapa alipata barua kutoka chuo kimoja cha ng'ambo. Ilikuwa barua nzuri, karatasi nzito, na nembo ya rangi juu. Tuliisoma mbele ya watu. Baba yake aliishika kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali, kwani ni nani atauliza swali siku ya furaha?

Tuliita harambee. Tukachanga shilingi 486,000. Wako waliotoa bonasi yote ya majani chai, na mama mmoja aliuza ndama. Pesa hiyo ilitosha tikiti ya ndege, malipo ya kushika nafasi, na karo ya muhula wa kwanza. Muhula wa pili alilipa kwa kuosha vyombo usiku na kwa mkopo uliochukuliwa na baba yake. Pesa ya mwaka wa pili haikupatikana. Kijana alirudi nyumbani akiwa amemaliza masomo yote ya darasani, lakini hakuandika tasnifu, kwa hivyo hakupewa cheti. Baba yake alikuwa ameuza robo eka.

Baada ya kurudi, kijana huyu alikuwa akipita njia ya chini, ile ya mtoni, ili asikutane na waliomchangia. Hilo lilituuma kuliko pesa. Na sisi kama kamati tulifanya nini? Tulinyamaza. Tulisema ati ni bahati mbaya. Leo tunakiri mbele yenu kwamba hesabu ndiyo ilikuwa mbaya, na hesabu hiyo tuliifanya sisi. Tulihesabu jinsi ya kumpandisha ndege. Hatukuhesabu jinsi ya kumfikisha siku ya kupewa cheti.

Binti mmoja, barua tatu

Sasa tuje kwa mwaka jana. Binti wa hapa, aliyesoma mambo ya kilimo na udongo katika digrii yake ya kwanza, alituletea barua tatu. Ana mtoto wa miaka mitatu, na anaishi na mama yake. Aliziweka juu ya meza, akasema, "Wazazi wangu, nisaidieni kufikiri."

Barua ya kwanza ilitoka Uingereza, chuo chenye jina kubwa. Masomo ni ya mwaka mmoja. Karo ni pauni 27,000, wakampunguzia pauni 5,000. Barua yenyewe ilisema "Hongera, umepata basari."

Barua ya pili ilitoka Marekani, chuo ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia. Masomo ni ya miaka miwili. Karo imesamehewa yote, na atapewa posho ya dola 1,800 kwa mwezi kwa kusaidia kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Barua ya tatu ilitoka chuo cha serikali hapa Kenya. Masomo ni ya miaka miwili. Kuna profesa mwenye mradi wa utafiti juu ya asidi katika udongo. Huku kwetu chini ya milima ya Aberdare udongo una asidi. Majani chai hupenda hivyo, lakini maharagwe na mahindi hayapendi, na ndiyo maana tunaambiwa tutie chokaa. Mradi utamlipia karo na kumpa posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi.

Mnaweza kukisia kilichotokea. Wazee waliichukua ile ya Uingereza wakaipitisha kutoka mkono hadi mkono. Mmoja akasema, "Hii ndiyo barua. Hizi zingine ni karatasi." Mama wa binti alitaka ya Marekani, kwa sababu karo imelipwa yote. Ile ya tatu ilibaki mezani. Mtu alikuwa ameweka kikombe cha chai juu yake.

Ndipo akasimama kijana wa mwaka 2009. Siku hizi si kijana tena, ana watoto, na anatengeneza kompyuta mjini Nyeri. Alikuwa hajawahi kusema neno katika mkutano wetu tangu arudi. Akasema, "Wazazi wangu, nina swali moja tu. Katika kila barua, nani atalipa mwezi wa mwisho?"

Kukawa kimya. Hakuna aliyekuwa na jibu. Basi tukakubaliana na binti kwamba asijibu barua yoyote kwa wiki mbili, na katika wiki hizo aulize. Kuuliza si ujinga. Haya tunayowaambia sasa ndiyo tuliyojifunza katika wiki hizo mbili.

Barua ya kukubaliwa si barua ya pesa

Jambo la kwanza. Chuo kinaposema "tumekukubali," kinasema tu kwamba mtoto ana akili ya kutosha. Hakijasema nani atalipa. Na kinaposema "umepata basari," hakijasema ni kiasi gani cha gharama. Basari inaweza kuwa yote, nusu, au kipande kama kile cha pauni 5,000. Tukifanya hesabu, binti alikuwa bado anadaiwa pauni 22,000 za karo. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu, na hajalala wala hajala.

Na karo si mwisho. Anayetaka viza ya kusoma Uingereza huonyesha pia pesa za kuishi hadi miezi tisa, na hiyo pesa iwe imekaa benki siku 28 mfululizo. Kuna ada ya matibabu, ambayo tangu mwaka 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Tena, tangu Januari 2024, wengi wanaosoma digrii ya pili ya darasani huko hawaruhusiwi kwenda na watoto wao. Kwa hivyo barua ile nzuri ilikuwa inamwambia mama huyu amwache mtoto na alete mamilioni. Lakini maneno hayo hayakuandikwa katika barua. Ilibidi kuyatafuta.

Kuna wengine husema, "Basi aende Ujerumani, huko masomo ni bure." Ni kweli kwamba vyuo vingi vya serikali huko havitozi karo. Lakini mwanafunzi asiye na basari huambiwa aweke pesa za kuishi mwaka mzima katika akaunti maalumu kabla ya viza. Mwaka 2024 kiasi hicho kilipandishwa kikawa euro 11,904. Bure hiyo ina mlango wake, na mlango una bei.

Hesabu miezi, usihesabu miaka

Jambo la pili. Mnakumbuka barua ya Marekani ilisema dola 1,800 kwa mwezi. Sisi tulizidisha mara 12, tukafurahi. Binti alipouliza, aliambiwa posho ni ya miezi tisa, ile ya masomo. Miezi mitatu ya kiangazi hailipwi, isipokuwa mtu apate kazi ndani ya chuo. Pia kuna ada ndogo ndogo ambazo hazimo katika karo iliyosamehewa, na kuna bima ya matibabu. Hakuna mtu aliyemdanganya. Yote yalikuwa katika ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo.

Akauliza tena juu ya mtoto. Wakamjibu kwa heshima kwamba mtoto anaweza kuja, lakini chuo lazima kione pesa ya kumtunza mtoto, zaidi ya ile posho. Kwa hivyo barua hii, kwa mtu asiye na mtoto, ilikuwa barua nzuri sana. Kwa huyu wetu ilikuwa na shimo, na shimo lenyewe lilikuwa mahali pa mtoto wake.

Na ile ya hapa nyumbani? Hapa tunawaomba msikie vizuri, kwa sababu wengi hudhani kwamba cha nyumbani hakina hatari. Binti alimpigia simu profesa akamwuliza lile swali la mwezi wa mwisho. Profesa, Mungu ambariki, hakumficha. Alisema, "Pesa ya mradi ni ya miezi 18. Masomo ni miezi 24. Miezi sita ya mwisho, ile ya kuandika tasnifu, sina hakika nayo." Mnaona? Hata barua hii ilikuwa na shimo. Ila shimo hili lilikuwa na kipimo. Mtu anaweza kusimama ukingoni akaona chini.

Mwulize aliyepita njia hiyo

Jambo la tatu. Digrii ya pili, hasa ile ya utafiti, si kama shule ya sekondari ambapo darasa zima linamaliza siku moja. Mwanafunzi ana msimamizi. Msimamizi ndiye anayesoma kazi yake na kusema rekebisha hapa, au kusema tayari. Msimamizi mzuri katika chuo kidogo atamfikisha mtoto. Msimamizi asiyeonekana, hata akiwa katika chuo kikubwa namna gani, atamwacha mtoto aketi na karatasi zake miaka mitano.

Utamjua msimamizi namna gani? Mkinunua ng'ombe, si mnamwuliza jirani wa anayeuza? Basi ulizeni wanafunzi wake. Binti yetu aliandika barua pepe kwa wanafunzi wa profesa wa hapa na wa yule wa Marekani. Aliuliza mambo matatu tu. Ulichukua muda gani kumaliza? Ukimpelekea kazi yako anaisoma baada ya siku ngapi? Na pesa iliyoahidiwa ililipwa kwa wakati? Wengi walijibu. Mtu aliyetaabika hupenda kumwonya anayekuja nyuma, na aliyesaidiwa hupenda kusifu. Wasimamizi wote wawili walisifiwa. Kwa barua ya Uingereza hapakuwa na msimamizi wa kuuliza, kwa sababu masomo yalikuwa ya darasani na angepewa msimamizi baadaye.

Mfano wa Ihithe

Sasa wazee waliosema barua ya nyumbani ni karatasi tu, tuwakumbushe jambo la hapa hapa Tetu.

Nyote mnamjua Wangari Maathai. Alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Mwaka 1960 alikuwa kati ya wanafunzi waliopelekwa Marekani katika ule mpango wa ndege wa Tom Mboya. Kati ya mwaka 1959 na 1963 mpango huo ulipeleka karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki, na vijiji vingi vilichanga kama tunavyochanga sisi. Alipata digrii ya kwanza huko Atchison, Kansas, mwaka 1964, na digrii ya pili ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966.

Akarudi Nairobi akiwa na barua ya kazi. Alipofika, akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Barua alikuwa nayo mkononi, lakini kazi haikuwako. Kama mnataka kujua kwamba barua na ahadi si kitu kimoja, hata yeye yalimpata.

Kilichomwinua baadaye kilikuwa ujuzi aliorudi nao wa kuchunguza sehemu ndogo za mwili kwa hadubini, na mtu aliyeuhitaji ujuzi huo. Mtu huyo alikuwa Profesa Reinhold Hofmann, kutoka Chuo cha Giessen, Ujerumani, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika masomo ya udaktari wa mifugo. Alimpa kazi, akamsukuma aendelee kusoma. Mwaka 1967 Wangari alikwenda Ujerumani, akasoma Giessen na Munich. Mwaka 1969 akarudi, akafundisha, akaolewa, akalea mtoto, akaandika tasnifu. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Shahada hiyo ilitolewa na chuo gani? Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimepata kusimama chenyewe mwaka 1970 tu, baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanywa. Kilikuwa bado kichanga.

Hatusemi kwamba yeye alikuwa na barua tatu mezani kama binti wetu. Hakuwa nazo. Wala hatusemi watoto wasiende ng'ambo. Yeye alikwenda Marekani na Ujerumani, na bila safari hizo asingekuwa na ule ujuzi. Tunachosema ni kwamba shahada ile tunayojivunia haikutoka kwa jina la chuo. Ilitoka kwa msimamizi aliyemjua, kazi aliyoijua, na mahali ambapo angeweza kukaa mpaka amalize.

Mambo madogo yanayosahauliwa

Tupitie haraka machache ambayo yamewahi kuwaletea watu shida.

Tarehe. Kila barua ina siku ya mwisho ya kujibu. Mtoto akihitaji siku zaidi, aandike aombe, mara nyingi hupewa. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba anayepewa msaada wa pesa asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Asiogope akiambiwa "jibu kesho" kama haijaandikwa.

Malipo ya kushika nafasi. Kabla ya kulipa, uliza kama pesa hiyo hurudishwa viza ikikataliwa. Ile ya mwaka 2009 haikurudishwa, na masharti yalikuwa yameandikwa. Hatukuyasoma.

Sharti la kurudi. Basari nyingine humtaka mtu arudi kwao. Chevening ya Uingereza humtaka arudi kwa angalau miaka miwili. Fulbright ya Marekani pia ina sharti la miaka miwili. Sharti hilo si baya, lakini lijulikane mapema, isije familia ikawa inangojea pesa kutoka ng'ambo.

Matapeli. Mtu akisema atakutafutia nafasi ya chuo ukimtumia pesa kwa simu, mwache. Na chuo usichokijua, hasa kile kinachotoa digrii kwa haraka, uliza kwanza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama kinatambuliwa.

Na mwisho, adabu. Mtoto akishachagua, awaandikie wale wengine awaambie asante, hatakuja. Nafasi aliyoshika bila kuitumia kuna mtoto wa mtu mwingine anayeingojea.

Nani anachagua?

Hapa palikuwa na ubishi. Mzee mmoja alisema, "Anayelipa mpiga zumari ndiye anayechagua wimbo. Sisi tunachanga, sisi tuseme." Tulimheshimu, lakini hatukukubaliana naye. Sisi tunachanga siku moja. Mtoto ataishi na uamuzi huo kila asubuhi. Tukimchagulia, akishindwa atasema mlinituma, na sisi tutasema tulikusomesha. Hapo ndipo watu huanza kupita njia ya mtoni.

Kwa hivyo tulimwachia binti. Tulimwambia tu, popote utakapochagua, tuonyeshe mwezi wa mwisho. Alikaa siku nne. Shosho wa mtoto alikuwa amesema yuko tayari kumlea mjukuu miaka miwili kama Marekani ndiko anakotaka. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mama wa umri wake, na lilifanya uamuzi uwe mgumu zaidi.

Akachagua barua ya tatu, ile iliyowekewa kikombe. Hakufurahi siku hiyo, tusiwadanganye. Alipoandika kuikataa ya Marekani alilia, na mama yake akalia. Alituambia, "Sijaikataa kwa sababu ni mbaya. Nimeikataa kwa sababu miezi mitatu ya kila kiangazi ningekuwa nahesabu shilingi na kumwota mtoto. Hii shida ya miezi sita naiona yote." Kuna wazee waliokasirika, na mmoja hajatusamehe mpaka leo. Labda ana haki. Angekuwa ni kijana asiye na mtoto, nasi tungemwambia panda ndege kesho.

Harambee ya kuanzia mwisho

Sasa kazi yetu ikawa gani? Tulipiga hesabu ya lile shimo. Posho ya miezi sita, shilingi 25,000 kwa mwezi, ni 150,000. Nauli, kurudi shambani kupima udongo, na kuchapisha tasnifu, 45,000. Jumla shilingi 195,000. Tuko vikundi 13. Kila kikundi kikakubali 15,000, kwa muda wa miezi 18. Kikundi chenye watu 20, hiyo ni kama shilingi 42 kwa mtu kwa mwezi. Ni karibu lita moja ya maziwa. Hakuna aliyeuza ndama.

Pesa hiyo tuliifungulia akaunti yake. Ina watia sahihi watatu, na mmoja ni kijana wa mwaka 2009. Yeye ndiye aliyetaka iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba haitaguswa kabla ya mwezi wa 19, hata binti mwenyewe akiomba. Daftari linasomwa kila mkutano, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Kama mradi ukipata pesa ya kuendelea na hiyo isihitajike, itangoja mtoto mwingine.

Tunapoongea nanyi leo, binti yuko mwezi wa 11. Hatujui bado kama atamaliza. Masomo ni masomo, na ugonjwa hautumi barua. Lakini mwezi huu alikuja akachimba udongo katika mashamba manne ya wanachama, akaupeleka kupimwa, na jumapili alipita barabara ya juu kama watu wengine wote.

Na yule mwenzetu wa mwaka 2009 tulimwita mbele ya vikundi vyote, tukamwomba msamaha kwa sauti. Alisema maneno machache tu: "Ningeomba mngeniuliza hata swali moja kabla sijaondoka."

Basi ndugu zetu, hatuna mengi zaidi. Harambee ya zamani ilikuwa ya kumsindikiza mtoto uwanja wa ndege, na ngoma, na picha. Sisi tunawaomba muwe na harambee ya kumngojea pale mwisho. Haina picha nzuri. Lakini ndiyo inayoleta cheti nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

1. Je, kuna mtu katika kijiji chenu tuliyemchangia masomo akakwama? Tumewahi kuongea naye?

2. Mtoto akileta barua ya chuo leo, nani katika kikundi ataisoma mpaka ukurasa wa mwisho?

3. Kwa kila barua, andikeni: nani analipa karo, nani analipa chakula na chumba, kwa miezi mingapi, na masomo ni miezi mingapi. Namba hizo mbili za mwisho zikitofautiana, nani atajaza pengo?

4. Pesa ya harambee yetu huisha mwanzo au hubaki mwisho? Tunaweza kubadilisha nini?

 Wale wa majani chai, nendeni, gari la kituo bado halijapita.